Ajira za viwanda vya dawa: tazama kazi kwanza, kisha hesabu vichwa

Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Pfizer ilikuwa na wafanyakazi 116,500. Mwishoni mwa 2013 walikuwa 77,700. Anayezisoma namba hizo mbili bila kuuliza zaidi atasema ajira 38,800 zimeteketea ndani ya miaka minne, na kwamba viwanda vya dawa vinafukuza watu. Amekwenda haraka mno. Ndani ya miaka hiyohiyo Pfizer iliuza Capsugel, kitengo chake cha kutengeneza maganda ya kapsuli. Iliuza pia kitengo cha lishe ya watoto kwa Nestlé, na mwaka 2013 ikakitenga kitengo cha dawa za mifugo kikawa kampuni inayojitegemea, Zoetis, yenye watu zaidi ya 9,000. Hao hawakupoteza kazi. Waliendelea na mashine zilezile. Kilichobadilika ni jina la mwajiri kwenye hati ya mshahara.

Wapo, hata hivyo, waliopoteza kazi kwelikweli. Pfizer ilipoinunua Wyeth mwaka 2009 ilitangaza kwamba takriban asilimia 15 ya wafanyakazi wa kampuni hizo mbili wangeondoka, kwa sababu huwezi kuwa na idara mbili za fedha, timu mbili za mauzo za eneo moja na maabara mbili zinazofukuzia ugonjwa uleule. Februari 2011 ikatangaza kuondoka Sandwich, kusini-mashariki mwa Uingereza, kituo cha utafiti kilichokuwa na watu wapatao 2,400. Novemba 2011 hataza (haki ya kisheria ya kuuza uvumbuzi peke yako) ya Lipitor, dawa ya kushusha lehemu iliyowahi kuingiza zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka, ikafika mwisho Marekani.

Kwa hiyo ndani ya namba moja mna watu waliohama pamoja na biashara iliyouzwa, watu walioondolewa na muungano wa kampuni, na watu walioondolewa na mwisho wa hataza. Dawa ya kila tatizo ni tofauti, na serikali au chama cha wafanyakazi kinachoyachanganya kitapigania kazi ambazo hazikupotea huku kikiziacha zile zinazoondoka kimyakimya.

Tuanze na takwimu zenyewe, maana ndiko mkanganyiko unakozaliwa. Nchi nyingi huhesabu ajira kwa mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, ISIC, ambamo utengenezaji wa dawa ni kundi lenye tarakimu 21. Mfumo huo hupanga kila eneo la kazi kwa shughuli yake kuu, bila kujali bidhaa inaishia wapi. Maabara ya utafiti inayojitegemea huingia tarakimu 72. Muuzaji wa jumla wa dawa yupo 46, duka la dawa 47. Kibarua aliyeletwa na wakala wa ajira huhesabiwa kwa wakala, tarakimu 78, hata kama amekesha miaka mitatu kwenye mstari mmoja wa kufungasha. Kampuni inayofunga vidonge kwenye blista kwa malipo ya kandarasi iko 8292, kundi moja na shughuli za huduma za ofisi.

Sasa fikiria kiwanda chenye watu 400 ambacho kinaikabidhi idara yake ya kufungasha, watu 90, kwa mkandarasi aliye jengo la pili. Hakuna kidonge kilichopungua wala mtu aliyekwenda nyumbani, lakini takwimu za taifa zitaonyesha sekta ya dawa imepoteza zaidi ya moja ya tano ya ajira za kiwanda hicho. Kilichopotea kweli kwa wafanyakazi hao huenda ni mkataba wa kudumu, bima na kiinua mgongo, na hayo hayaonekani popote kwenye jedwali.

Ndiyo sababu mtu anaweza kusikia matangazo ya kupunguza watu kila mwaka kutoka kampuni kubwa, na wakati huohuo sekta nzima ikawa inakua. Barani Ulaya, kwa hesabu za shirikisho la viwanda hivyo, EFPIA, ajira zilipanda kutoka laki tano na nusu hivi mwaka 2000 hadi zaidi ya laki nane miongo miwili baadaye, kipindi kilekile ambacho majina makubwa yalikuwa yakifunga maabara na kuunganisha ofisi.

Hataza ndiyo inayopanga kalenda ya kampuni zinazogundua dawa. Dawa ya kidonge ikishapoteza ulinzi, watengenezaji wa jenerika, yaani nakala halali za dawa hiyo, huingia na kuchukua sehemu kubwa ya soko ndani ya miezi, si miaka. Kwa mwenye dawa, kila senti anayoitumia kuitangaza baada ya hapo inamsaidia mshindani. Kwa hiyo wa kwanza kuondolewa ni wawakilishi wa mauzo, wale wanaozunguka hospitalini kuwaeleza madaktari, na mara nyingi huondolewa kabla hataza haijaisha. Marekani ilikuwa na wawakilishi wapatao laki moja katikati ya miaka ya 2000. Idadi hiyo ikashuka kwa kiasi cha theluthi moja katika mwongo uliofuata, wimbi la hataza lilipopita na hospitali nyingi zikaanza kuwafungia milango. Baada ya mauzo hufuata ofisi kuu, kisha utafiti. Kiwanda chenyewe huguswa mwisho, kwa sababu kukihamisha kunahitaji idhini za mamlaka za dawa katika kila nchi inakouzwa bidhaa.

Anayetaka kuona jambo hili likitokea leo amtazame Merck wa Marekani. Keytruda, dawa yake ya saratani, iliingiza zaidi ya dola bilioni 29 mwaka 2024, na hataza zake kuu nchini mwake zinaanza kuisha 2028. Julai 2025 kampuni ilitangaza kupunguza takriban watu 6,000. Miaka mitatu kabla. Mfanyakazi yeyote wa kampuni ya namna hii anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe: chukua ripoti ya mwaka, tafuta dawa inayoleta zaidi ya robo ya mapato, tazama mwaka wa mwisho wa hataza, toa mitatu. Huo ndio mwaka wa kuwa na wasifu wa kazi ulio tayari.

Kiwandani mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo wapangaji wengi wa ajira hukosea. Hudhani tani nyingi za dawa zina maana ya watu wengi. Chukua toleo moja la vidonge, yaani vinavyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, kilo 300, kila kidonge kikiwa na uzito wa miligramu 600. Hivyo ni vidonge 500,000. Mashine ya kubana ikienda vidonge 150,000 kwa saa inavimaliza kwa saa tatu na dakika ishirini, ikisimamiwa na mtu mmoja anayechota sampuli kila baada ya dakika kadhaa kupima uzito, ugumu na unene. Ongeza toleo liwe kilo 600 na umepata vidonge milioni moja. Aliyeongezeka ni nani? Hakuna. Ni yuleyule kwenye mashine ileile, kwa saa sita na dakika arobaini. Mezani kwenye kupima malighafi bado ni wawili, mmoja anapima na mwingine anathibitisha. Kwenye kuchanganya, kulowanisha na kukausha chembechembe bado ni timu ileile, mradi mitambo inabeba ujazo huo.

Maabara nayo haijali uzito. Jaribio la kuyeyuka huanza na vidonge 6, jaribio la usawa wa kiambato hai (kemikali inayotibu) kwa kila kidonge huchukua 10, liwe toleo la kilo 300 au 600. Mchambuzi atatumia muda uleule, na mkaguzi wa kabrasha la toleo atasoma kurasa zilezile. Kinacholeta ajira kiwandani ni idadi ya matoleo na idadi ya bidhaa. Kiwanda cha bidhaa 40 zenye matoleo madogo huhitaji watu wengi zaidi ya kiwanda cha bidhaa 4, hata kama tani zao mwisho wa mwaka ni sawa, kwa sababu kila mabadiliko ya bidhaa yana usafi wake, sampuli za masalia kwenye mitambo, vifaa vya kubadilisha, na saini za kuruhusu mstari uanze tena.

Ziweke namba kwenye uthabiti pekee, yaani kupima kama dawa inabaki nzuri hadi mwisho wa maisha yake. Kila mwaka angalau toleo moja la kila bidhaa huingizwa kwenye chumba cha uthabiti, na kwa dawa yenye maisha ya miezi 36 ratiba kamili ni kulitoa na kulipima mwezi wa 3, 6, 9, 12, 18, 24 na 36. Ni mara saba kwa kila toleo. Mradi ukishazunguka miaka mitatu, bidhaa 40 zinakupa upimaji 280 kwa mwaka, zaidi ya mmoja kila siku ya kazi, na kila mmoja una kiasi cha kiambato hai, uchafu unaotokana na kuharibika, kuyeyuka na maji. Hapo bado hujagusa dawa zinazotoka leo kwenda sokoni. Kiwanda kinachoanza na wachambuzi wanne huwa sawa mwaka wa kwanza, huelemewa wa pili, na wa tatu ghala hujaa dawa zilizokamilika zinazosubiri matokeo. Wenye mali huanza kulalamikia uzalishaji wakati tatizo liko maabara.

Kuna hesabu nyingine isiyozungumzwa sana, ya zamu. Wiki ina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 40, nafasi moja inayotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana inahitaji watu 4.2. Weka likizo, ugonjwa na siku za mafunzo, unafika 5. Kwa hiyo nafasi kumi za saa zote ni watu 50. Mitambo ya maji yaliyosafishwa na ya hewa ya vyumba safi hailali hata mstari wa uzalishaji ukisimama, hivyo mafundi wake ni wa kuhesabiwa kwa tano tangu mwanzo. Mpango wa ajira usioonyesha zamu haujapangwa.

Ubora una uzito wake wa kisheria pia. Kanuni za utengenezaji bora hutaka mkuu wa uzalishaji na mkuu wa ubora wasitegemeane, na Ulaya hutaka kila toleo liidhinishwe na mtaalamu aliyesajiliwa kwa kazi hiyo kabla halijauzwa. Huwezi kuwaunganisha ili kubana matumizi. Si ajabu kukuta kiwanda cha kisasa ambacho watu wa ubora wanakaribia kulingana na wa uzalishaji, na mgeni akashangaa kuona ofisi zilizojaa watu na ukumbi wa mashine wenye wachache. Anachokiona ndicho kiwanda chenyewe.

Makosa ya kupunguza watu huonekana kwanza kwenye hitilafu. Mfano wa karibu ni kilainishi, magnesiamu stearati, ambacho mara nyingi huwa hata hakifiki asilimia 2 ya mchanganyiko. Kikichanganywa kwa dakika zaidi ya zilizothibitishwa, hutanda juu ya chembe, kidonge kinakosa ugumu na kinachelewa kuyeyuka. Kikichanganywa pungufu, unga unanata kwenye vibonyezo vya mashine na uso wa kidonge unatoka na mashimo. Mwendeshaji mzoefu huona dalili kwenye vidonge mia vya kwanza na kusimamisha mashine. Mpya huendelea mpaka saa ya kipimo. Kisha linafuata faili la uchunguzi: nini kilitokea, matoleo gani mengine yameguswa, kinga gani itawekwa, nani atathibitisha kwamba kinga inafanya kazi. Uamuzi wa kuokoa mshahara wa mzoefu mmoja unaweza kula wiki za watu watatu wa ubora na toleo zima likaishia kuteketezwa.

Kwenye dawa za sindano hesabu inageuka tena. Chanzo kikubwa cha vijidudu ndani ya chumba safi ni binadamu mwenyewe, hivyo mwelekeo wa teknolojia ni kumtoa. Kanuni za Ulaya za dawa zisizo na vijidudu zilizorekebishwa, zilizoanza kutumika 25 Agosti 2023, zinasukuma waziwazi matumizi ya vizuizi, makabati yaliyofungwa na roboti. Wanaojaza vichupa kwa mikono wanapungua. Lakini anayebaki ana gharama kubwa ya kumwandaa. Lazima athibitishwe kuvaa mavazi safi bila kuyachafua, na ashiriki angalau mara moja kwa mwaka kwenye jaribio la kujaza, ambamo maelfu ya vichupa hujazwa chakula cha vijidudu badala ya dawa, vikatunzwa na kukaguliwa, na lengo ni kutoota hata kimoja. Mstari wenyewe hupitia majaribio matatu mfululizo kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi sita. Mtu akiacha kazi leo, mbadala wake hawezi kuingia kesho.

Dawa za kibayolojia zimefanya jambo lingine. Seli zilizokuwa zikitoa chini ya gramu moja ya protini kwa lita miongo mitatu iliyopita sasa hutoa gramu tatu, tano au zaidi. Tangi la lita 2,000 linafanya kazi ambayo zamani ilihitaji tangi la lita 10,000 na karakana nzima ya kuliosha kwa mvuke. Wapo wanaosema basi bayolojia itapunguza ajira. Kwa uzalishaji wa kiwango kikubwa, ndiyo. Ila upande wa pili kuna tiba za seli za mgonjwa mwenyewe, kama Kymriah iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2017. Hapo damu ya mgonjwa mmoja hutolewa seli, seli hubadilishwa, hukuzwa na kurudishwa kwake peke yake. Mgonjwa mmoja ni toleo moja, na kabrasha lake, majaribio yake, idhini yake. Wagonjwa wakiongezeka mara mbili, kazi nazo hukaribia kuongezeka mara mbili. Hakuna tawi jingine la sekta hii ambalo ajira hufuata wagonjwa kwa karibu namna hiyo, na bei yake isiyoshikika inatokana kwa sehemu na hilo hilo.

Kuhusu kandarasi, Moderna inatosha kama somo. Mwisho wa 2019 ilikuwa na watu 830. Mwisho wa 2020, mwaka ambao chanjo yake ya UVIKO-19 iliidhinishwa, walikuwa wapatao 1,300. Watu 1,300 hawawezi kuzalisha mamia ya milioni ya dozi. Wakandarasi ndio waliofanya: Lonza ilitengeneza kiambato hai, Catalent na wengine wakajaza vichupa. Aliyesoma orodha ya wafanyakazi wa Moderna pekee angedhani chanjo imejitengeneza. Baadaye kampuni ikapanda hadi takriban 5,800 mwisho wa 2024, mahitaji yakaporomoka, na Julai 2025 ikatangaza kupunguza asilimia 10.

Novo Nordisk imepita njia hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Watu wapatao 43,000 mwaka 2019, kisha zaidi ya 78,000 kabla ya Septemba 2025, ilipotangaza kuondoa nafasi 9,000, karibu 5,000 kati ya hizo Denmark. Dawa zake za kisukari na unene zilikuwa bado zinauzwa kwa mabilioni. Kampuni iliajiri kwa kasi ya soko lililotarajiwa, na soko lililokuja lilikuwa na mshindani. Anayelipia ubashiri wa namna hiyo ni mtu aliyehamisha familia yake miezi sita iliyopita kwa ajili ya kazi mpya, na inapaswa kutuudhi kwamba bodi hutangaza mambo hayo kwa lugha ya wepesi wa maamuzi.

Nina wasiwasi mkubwa pia na zile hesabu zinazodai kwamba kila ajira moja ya kiwanda cha dawa huzaa tatu au nne nje. Hutokana na majedwali ya manunuzi kati ya sekta, na sekta yenye mapato makubwa kwa kila mfanyakazi lazima itoe kizidisho kikubwa, kwa sababu fedha nyingi inazotumia zimegawanywa kwa watu wachache. Zaidi ya hayo, kiambato hai kikinunuliwa nje ya nchi, sehemu kubwa ya ajira hizo za ziada iko huko. Anayezitumia kuombea msamaha wa kodi aonyeshe kwanza malighafi inatoka wapi.

Mwekezaji akileta ahadi ya ajira 1,000, yapo ya kumtaka ayaandike kabla ya saini. Wajenzi watolewe kwenye hesabu, maana wataondoka jengo likiisha. Watolewe pia wahandisi wa uthibitishaji, ambao hufurika wakati mitambo inapimwa ufungaji wake, uendeshaji wake na utendaji wake, kisha matoleo matatu ya kuthibitisha mchakato yakishafaulu huhamia mradi mwingine. Wanaobaki wagawanywe kwa idara na kwa zamu: uzalishaji, ufungashaji, udhibiti ubora (maabara), uhakiki ubora (kabrasha na idhini), uhandisi, ghala. Ionyeshwe wangapi wana mkataba wa kampuni na wangapi wa wakala. Kisha iwekwe idadi ya bidhaa na matoleo kwa mwaka, ili mtu wa pili aweze kurudia hesabu ya maabara kama ile ya upimaji 280 na kuona kama wachambuzi waliotajwa wanatosha.

Na tarehe. Mchambuzi wa kemia aliyehitimu chuo huhitaji miezi kadhaa kabla ya kuaminiwa kupima toleo la kuuzwa bila msimamizi. Mwanamikrobiolojia wa chumba safi na mwendeshaji wa mstari wa sindano huhitaji zaidi. Mpango unaoonyesha mashine zikifika Januari, watu wakiajiriwa Februari na dawa ikitoka Aprili unapaswa kurudishwa kwa aliyeuandika, na ajira za ubora zianze mwaka mzima kabla ya mashine kufika.